Mambo ya Kuangalia Ndani ya Injini Kabla ya Kununua Motokaa Iliyotumika

Wakulima wengi wa Kakamega hutafuta motokaa ya kubeba maziwa, mahindi, ndizi na mbolea. Motokaa mpya ni ghali mno, basi wengi hununua iliyokwisha tumika. Nyingi katika hizo zilitoka Japani zikapitia Mombasa, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyozidi miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza. Lakini ikiisha ingia huuzwa na kuuzwa tena, na huenda mnunuzi wa nne au wa tano ukawa wewe.

Rangi, viti na magurudumu kila mtu huviona. Injini ndiyo yenye siri. Fedha za miwa ya msimu mzima zaweza kwisha kwa kutengeneza injini ambayo siku ya kununuliwa ilinguruma vizuri tu. Ugonjwa ulio rahisi sana kufichwa ni ule wa injini iliyopata kuchemka kupita kiasi, na huo ndio tutakaoueleza zaidi.

Juu ya bloku ya injini hukaa kichwa chake, na katikati ya viwili hivyo huwekwa gasketi. Hiyo ni bamba jembamba lenye kutenga vitu vitatu: moto ulio ndani ya silinda, maji ya kupozea, na oili. Maji yakipungua, chuma hupata moto mno. Kichwa, ambacho katika motokaa nyingi za sasa ni cha aluminiamu, hupindika; gasketi huungua; na vile vitu vitatu huanza kuingiliana. Mwenye motokaa akiongeza maji kila asubuhi huweza kuiendesha kwa majuma kadhaa, na hayo ndiyo majuma anayoyatumia kuitafutia mnunuzi.

Hapa kwetu pana jambo jingine. Mji wa Kakamega uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji ya sufuria huchemka kwenye joto la nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Kinachoyazuia maji yake yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia mgandamizo ndani. Kifuniko kikilegea, na ndani mmetiwa maji matupu ya mtoni badala ya maji yenye dawa ya kupozea, nafasi iliyobaki ni nyuzi 5 tu.

Mwambie mwenye motokaa kwamba utafika asubuhi mapema, na umwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ina joto, shukuru, useme utarudi kesho. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi, kwa maana moshi wa kwanza umekwisha toka na kelele za kwanza zimekwisha tulia.

Ikiwa ni baridi, na ikiwa baridi tu, fungua kifuniko cha rejeta. Usikifungue kamwe injini ikiwa na moto, maana maji yatakurukia na kukuunguza uso. Maji yenye kutu yaonyesha utunzaji mbaya. Yakiwa na mafuta yanayoelea juu, huenda oili imepata njia ya kupita. Kisha vuta kijiti cha kupimia oili, na ufungue kifuniko cha kutilia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Lakini usihukumu upesi: utando mdogo mweupe chini ya kifuniko peke yake huonekana pia katika motokaa inayokwenda safari fupi fupi wakati wa mvua, na mvua kwetu si haba. Kijiti nacho kikiwa na rangi hiyo hiyo, usinunue.

Oili safi kama asali nayo yafaa kuulizwa. Huenda imebadilishwa jana, au imetiwa oili nzito ili kuzima kelele.

Linganisha pia namba iliyopigwa katika injini na ile iliyoandikwa katika logibuku. Zikitofautiana, injini ya kwanza ilikwenda wapi?

Sasa geuza ufunguo bila kuwasha, utazame taa nyekundu ya oili. Yapasa iwake, kisha izimike mara injini ingurumapo. Taa isiyowaka kabisa pengine imekatwa ili isikushtue. Baada ya kuwasha, shika hosi ya juu ya rejeta, ukijihadhari na feni na mkanda. Katika injini nzima hosi hiyo hukaa baridi dakika kadhaa, kisha hupata moto kwa ghafula, kwa sababu thamostati huyazuia maji mpaka injini ipate joto. Mafundi wengine huiondoa thamostati ili motokaa isichemke, na ugonjwa wenyewe hubaki pale pale. Hosi ikipata joto pole pole tangu mwanzo, thamostati haipo au haifungi. Na ikiwa ngumu kama mti katika dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata moto, hewa ya silinda inaingia katika maji.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe wa asubuhi si kitu, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, na una harufu tamu, ni maji ya rejeta. Mgongo mzito unaosikika chini ya injini unapokanyaga mafuta ni wa beringi za krenki, na hiyo ni kazi ya kufungua injini yote.

Kisha iendeshe mlimani. Barabara ya kutoka Kisumu kuja kwetu, pale inapopanda kutoka Mamboleo hadi Kiboswa, ni mtihani mzuri kuliko kuzunguka mjini. Tazama mshale wa joto muda wote wa kupanda. Kesho yake asubuhi pima tena maji na oili.

Ukiridhika, mlipe fundi wako mwenyewe, wala si wa muuzaji, aje na kipimo cha mgandamizo. Hufungua plagi na kupima silinda moja moja. Injini nzima ya petroli mara nyingi huonyesha ratili 150 hadi 200 kwa inchi ya mraba, ingawa huku juu hupungua kidogo kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kubwa zaidi ni kwamba silinda zisipitane kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi. Iliyo dhaifu itiwe kijiko cha oili, ipimwe tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika, kisipopanda, ni vali au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, gasketi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Muuzaji akikataa plagi zisifunguliwe, ongeza bei ya injini nyingine juu ya ile anayoitaka, ndipo uone kama motokaa yake bado ni rahisi.