Waya Uliosokoteka Haunyooshwi kwa Nguvu

Msafiri atokaye Kashikishi, wilayani Nchelenge, kwenda kisiwa cha Chisenga hana budi kupanda chombo. Ziwa Mweru limelala mpakani mwa Zambia na Kongo: mto Luapula waingia kutoka kusini, nao mto Luvua watoka karibu na Pweto, upande wa kaskazini, kwenda kuungana na Lualaba. Kibemba na lugha zilizo jamaa zake ndizo zinazotawala ufuko wa Zambia, lakini Kiswahili cha Katanga huvuka maji pamoja na wafanyabiashara. Kwa hiyo hatukukosa mtu wa kuzungumza naye.

Tulifika huko wakati wa kufungwa kwa uvuvi. Katika maji haya, kila mwaka tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari, sheria ya Zambia hukataza uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Ndio wakati wavuvi wakaapo ufukoni kutengeneza nyavu, na ndio wakati mzuri wa kuwasikiliza wazee. Shabaha yetu ilikuwa kunasa simulizi zao kwa maikrofoni ya kifuani, ile ndogo ibanwayo kwenye shati, ili mzee aongee huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Mzee wa kwanza tuliyemwendea alikuwa akishona wavu chini ya mwembe. Tulimwamkia kwa jina la heshima la huko, bashikulu, yaani babu. Alitusimulia usiku ambao upepo uliwakuta wavuvi wenzake katikati ya ziwa. Alipofika mahali pa kutaja majina ya wale ambao hawakurudi, masikioni mwetu ukaingia mkwaruzo kama wa majani makavu yanayosuguliwa. Majina mawili yakapotea ndani ya kelele hiyo. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, hatukuthubutu kumkatiza.

Tulipokagua chombo chetu usiku, tulitambua kwamba lawama ni yetu wenyewe. Kwa miezi mingi, baada ya kila kazi, tulikuwa tukiuzungusha waya kwa kuubana juu ya kile kisanduku kidogo cha kurushia sauti, kisha tukaufungia mkobani. Sasa ulikuwa umejaa mikunjo kama mkia wa kinyonga. Ulipovaliwa haukulala juu ya shati, bali ulijiinua na kusugua kitambaa, nao msuguo huo ukapanda mpaka kwenye maikrofoni.

Yafaa msomaji afahamu jinsi kifaa hiki kilivyofikia udogo wake. Mwaka 1953 kampuni ya Electro-Voice ya Marekani ilitoa maikrofoni iliyoitwa 647A, ambayo mzungumzaji aliivaa shingoni kwa kamba mithili ya kidani. Mwaka 1962, James West na Gerhard Sessler wa maabara ya Bell walibuni maikrofoni ya elektreti, na kwa njia hiyo ikawezekana kutengeneza maikrofoni isiyozidi punje ya hindi. Kadiri maikrofoni ilivyopungua ndivyo waya nao ulivyopungua. Leo aghalabu unene wake ni kati ya milimita 1 na 2 tu. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za shaba zipitishazo sauti, zikazungukwa na nyuzi nyingine zizuiazo kelele za umeme, kisha gamba la plastiki. Wepesi umepatikana, lakini uvumilivu umepungua.

Asubuhi tulimrudia mzee tukiwa na waya mkononi. Tulipouvuta kwa ncha mbili ili kumwonyesha ubaya wake, alitukemea: "Msivute, wanangu! Mtakaza fundo." Kisha alichukua kamba ya wavu wake, akaizungusha mkononi mara kadhaa kama tulivyozoea kufanya, akaichopoa na kuivuta. Kamba ikajisokota, ikafanya vitanzi. Akaikunjua, akaiacha ncha moja ining'inie hewani, nayo ikajizungusha yenyewe mpaka ikatulia. Halafu akailaza chini kwa umbo la tarakimu 8, mara kulia, mara kushoto. Safari hii ilipovutwa ilitoka kama maji.

Somo lote lilikuwa hapo. Mtu azungushapo waya mkononi, kila duara moja huutia msokoto mmoja kamili. Akifanya maduara kumi, ametia misokoto kumi. Akiuvuta waya, maduara hutoweka, lakini misokoto haina pa kwenda. Hujikusanya mahali pamoja na kufanya kitanzi, na kitanzi kikikazwa ndicho kikunjo. Katika umbo la tarakimu 8, msokoto wa duara la kulia hufutwa na ule wa duara la kushoto. Askari wa mawasiliano wanaijua kanuni hii: waya wa simu ya vitani mara nyingi hutandazwa kutoka kwenye gurudumu linalozunguka.

Basi tulianza kazi. Kwanza tuliuchomoa waya kutoka kwenye kisanduku chake, kisha tukaushika katikati na kuacha ncha zote mbili zining'inie. Tuliutelezesha polepole baina ya kidole gumba na cha shahada, tukishuka kuelekea kila ncha, ili msokoto upate kutoka. Hapo waya ukaacha kujizungusha, lakini mikunjo ilibaki, kwa sababu plastiki hushika umbo ililolizoea. Dawa yake ni joto la wastani. Mjini mtu aweza kutumia mashine ya kukaushia nywele katika joto lake la chini, akiiweka mbali kidogo. Kisiwani tulitia maji ya moto kwenye chupa, tukaizungushia kitambaa kikavu, tukaulaza waya juu yake kipande baada ya kipande. Kila kipande kilipolegea tulikinyoosha kwa vidole na kukishika hivyo mpaka kikapoa. Hilo la kungoja kipoe ndilo wengi wasilolifanya. Waya ukiachwa ungali na joto hurudia upotofu wake.

Kuna mambo ya kuepuka. Waya usitiwe ndani ya maji, usipigwe pasi, wala usianikwe juu ya bati la nyumba wakati wa jua kali, kwani gamba litaharibika. Kadhalika, usining'inizwe kwa kuachia maikrofoni ivute kama chubwi ya wavu: panapoungana waya na maikrofoni ndipo padhaifu kupita pote.

Hata hivyo, si kila mkwaruzo hutokana na mikunjo. Vaa hedifoni, iweke maikrofoni mezani bila kuigusa, kisha pinda waya kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ikikatika au ikipasuka kila ufikapo mahali pamoja, jua kwamba nyuzi za ndani zimevunjika. Hapo kunyoosha hakufai kitu. Mpelekee fundi aukate na kuulehemu upya, au ununue mwingine.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Waya mpya nao hulelewa tangu siku ya kwanza. Uukunje kwa maduara malegevu yenye upana wa kiganja, moja kwa kulia na jingine kwa kushoto, uufunge kwa uzi laini, wala usiubane juu ya kisanduku. Unapomvalisha mtu, fanya kitanzi kidogo chini ya kibanio, ili vuta nikuvute ya nguo iishie hapo isifike kwenye maikrofoni. Kazi hii haizidi dakika mbili.

Tulipomaliza, tulimwungamia mzee kwamba majina mawili hatukuyapata. Tulidhani atakasirika. Aliweka wavu chini, akatengeneza ukosi wa shati lake, akatuashiria tumvalishe tena ile maikrofoni. Waya ukalala kifuani pake bila kunyanyuka. Aliyataja majina yote tangu la kwanza, moja moja, akinyamaza kidogo baada ya kila moja, nasi tukayasikia yote.

Siku hiyo mzee alikuwapo, tena alikuwa na moyo wa kurudia. Wengi wa wale tunaokwenda kuwasikiliza husema mara moja tu, kisha huenda zao. Mwenye kazi ya kunasa sauti za watu na aukague waya wake usiku wa kuamkia safari, wala asingoje mpaka mzee ameinamisha kichwa.