Askari mstaafu na usingizi: si kila kidonge ni salama

Askari aliyepigana Somalia, ambako Kenya iliingia Oktoba 2011, anaweza kurudi nyumbani Voi au Taveta lakini usingizi usirudi. Majinamizi humwamsha usiku, naye hukimbilia pombe au vidonge.

Diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, hulaza haraka. Lakini mwili huizoea ndani ya wiki chache, na ikichanganywa na pombe au heroini huweza kukata pumzi. Kwa aliyewahi kuwa mraibu, hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Aliyekwisha kuizoea naye asiiache ghafla, maana anaweza kupata degedege. Daktari humpunguzia kidogokidogo.

Amitriptilini haileti uraibu wa namna hiyo, na hutibu pia sonona. Hatari yake ni nyingine: vidonge vingi kwa mpigo huvuruga moyo na kuua. Mwenye mawazo ya kujiua asiachiwe pakiti nzima, jamaa amwekee.

Na muguka, ambayo kaunti yetu ilijaribu kuipiga marufuku Mei 2024, hufukuza usingizi. Kuitafuna jioni kisha kumeza kidonge ni kuvuta kamba pande mbili.

Tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu si kidonge, ni ushauri nasaha: kuamka saa ileile kila siku, na kupanda kitandani usingizi ukija. Ukifika hospitali ya Moi pale Voi, mwambie daktari yote unayotumia, hata yale ya aibu. Dawa atakayokuchagulia inategemea jibu hilo.