Kompyuta Inapofunga Mafaili Yenyewe, Usikubali Ifutwe Haraka



Zamani kitabu cha chama kilikaa kabatini, na ufunguo alikuwa nao katibu. Leo, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, utakuta chama cha msingi, shule ya sekondari au ofisi ya kata inatunza habari zake ndani ya kompyuta. Humo mna majina ya wanachama. Mna kilo za kahawa. Mna michango ya wazazi na alama za wanafunzi.

Nyingi ya kompyuta hizo si mpya. Zilifanya kazi mjini au ng'ambo kwa miaka, kisha zikauzwa au zikatolewa msaada. Zinatumia Windows 7 au Windows 10. Windows ndiyo programu kuu inayoendesha kompyuta nzima.

Kompyuta za namna hii zina ugonjwa mmoja unaosumbua sana. Karani anafungua folda ya wanachama. Dirisha linatokea, linakuwa jeupe, na kiduara kinazunguka. Halafu yanaandikwa maneno ya Kiingereza: "Windows Explorer has stopped working." Maana yake, Windows Explorer imeacha kufanya kazi. Wakati mwingine hakuna maneno yoyote. Dirisha linafungika tu, na picha ndogo zote kwenye kioo zinapotea, kisha zinarudi. Karani anafungua tena. Linafungika tena. Kesho ni hivyo hivyo.

Hatari kubwa haiko katika ugonjwa huo. Hatari iko katika dawa ambayo watu huikimbilia. Anaitwa fundi, anatazama dakika 5, anasema, "Tupige Windows upya."

Kupiga Windows upya ni kuondoa Windows ya zamani na kuweka nyingine. Kazi hiyo ikifanywa bila kuweka nakala, yote yaliyokuwa ndani ya diski yanaweza kufutwa. Fikiri juu ya mkulima wa Rulenge aliyepeleka kahawa mara 4 msimu huu. Risiti yake moja imelowa mvua. Nyingine haionekani. Hesabu kamili iko ndani ya kompyuta ya chama. Kompyuta ikifutwa, kilo zake atazidai kwa ushahidi gani? Kwa hiyo habari hii si ya karani peke yake. Ni yako pia wewe mwanachama, hata kama hujashika kompyuta maisha yako yote.

KARANI WA MASIJALA AMEANGUKA, KABATI LIPO

Katika ofisi ya zamani alikuwapo karani wa masijala. Ukitaka jalada, unamwambia, naye anajua liko kabati gani. Ndani ya kompyuta, kazi hiyo inafanywa na programu iitwayo Windows Explorer. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 inaitwa File Explorer. Ni kitu kile kile. Hiyo ndiyo inayofungua folda. Hiyo pia ndiyo inayopanga picha ndogo kwenye kioo na ule mstari wa chini wenye saa. Ndiyo maana ikianguka, kila kitu kinaonekana kimepotea.

Lakini karani akianguka kwa kizunguzungu, majalada hayachomeki. Yapo kabatini. Programu hii inapofungika, mara nyingi mafaili yako hayajaguswa hata kidogo. Basi usiwe na haraka.

KWANZA WEKA NAKALA

Utauliza, nitawekaje nakala na dirisha linafungika kila mara?

Kama picha ndogo zimepotea na hazirudi, bonyeza vitufe 3 kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Bofya neno File, kisha neno la kuanzisha kazi mpya, lenye "new task" ndani yake. Andika explorer, kisha bonyeza Enter. Karani wako atasimama tena.

Kama anaanguka tena baada ya muda mfupi, zima kompyuta, kisha iwashe katika hali iitwayo Safe Mode. Katika hali hiyo kompyuta inaamka na vitu vichache tu vya lazima. Programu nyingi za kuongezwa hazipandi. Kwenye Windows 7, washa kompyuta na ubonyeze kitufe cha F8 mara nyingi kabla alama ya Windows haijatokea. Kwenye Windows 10, shika kitufe cha Shift huku ukibofya Restart. Utaletewa orodha. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart. Ikirudi, bonyeza namba 4.

Sasa chomeka flashi safi. Nakili mafaili ya chama yote. Ukiwa na flashi 2, weka nakala 2, na moja isikae ofisini.

Na kama kompyuta haiwaki kabisa, bado usikate tamaa. Fundi mzuri anaweza kutoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, akanakili mafaili kutoka huko. Fundi asiyejua kazi hiyo asipewe kompyuta ya chama.

DAFTARI LA MAKOSA

Sasa tutafute chanzo. Chukua daftari la kawaida na kalamu. Kila dirisha linapofungika, andika tarehe, saa, folda uliyokuwa ukifungua, na ulichobofya. Fanya hivyo kwa wiki 1. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini inasaidia kuliko kubahatisha. Mganga naye huuliza homa inapanda saa ngapi kabla ya kutoa dawa.

Kompyuta nayo ina daftari lake, na watu wachache wanalijua. Shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika perfmon /rel, kisha Enter. Acha nafasi kabla ya ule mstari wa mlalo. Utaona siku zimepangwa, na alama nyekundu siku zile programu zilipoanguka. Bofya alama hiyo, kisha fungua maelezo ya kosa la Explorer. Tafuta mstari usemao "Fault Module Name". Hapo pameandikwa jina la kipande kilichokuwa kikifanya kazi wakati wa kuanguka. Kama ni ntdll.dll au shell32.dll, hicho ni kipande cha Windows yenyewe, na bado hujamjua mkosaji. Lakini kama ni jina la programu ya printa, ya video au ya kufunga mafaili, umepata wa kumshuku.

Linganisha madaftari hayo mawili.

Huenda dirisha linafungika ukibofya kitufe cha kulia cha mausi. Programu nyingi zikiwekwa hupachika maneno yao katika orodha ile inayotokea hapo. Moja ikiwa mbovu, inamwangusha karani mzima. Jiulize: ugonjwa ulianza lini, na siku hizo iliwekwa programu gani? Fungua tena kile kisanduku kidogo, andika appwiz.cpl, na utaona orodha ya programu na tarehe zake. Ondoa ile unayoishuku, kisha jaribu. Mafundi wana chombo cha bure kiitwacho ShellExView, cha NirSoft. Kinaonyesha vipachiko vyote, na fundi anaweza kuzima kimoja kimoja bila kuondoa programu.

Huenda linafungika katika folda moja tu, yenye picha na video. Hapo Explorer inajaribu kuchora picha ndogo ya kila faili. Faili moja likiwa limeharibika, inashindwa. Katika kile kisanduku andika control folders. Fungua ukurasa wa View, uweke alama penye maneno "Always show icons, never thumbnails". Explorer itaacha kuchora. Katika ukurasa huo huo yapo maneno "Launch folder windows in a separate process". Weka alama hapo pia. Dawa hii haiponyi ugonjwa, lakini folda ikianguka haitaangusha kioo kizima. Kwa ofisi yenye foleni ya watu mlangoni, hilo ni jambo kubwa.

Kwenye Windows 10, huenda linaanguka mara tu unapofungua Explorer, kabla hujachagua folda. Basi katika dirisha hilo la control folders, ukurasa wa kwanza, bofya Clear ili kufuta kumbukumbu za mafaili uliyofungua karibuni. Mafaili yenyewe hayafutiki. Kisha hapo juu chagua "This PC" badala ya "Quick access".

FLASHI INAYOTEMBEA

Flashi moja huzunguka sana. Asubuhi iko shuleni. Mchana iko kwenye duka la kuchapa pale Nyakanazi. Jioni iko ofisi ya kata. Inabeba barua, nayo inabeba virusi. Virusi vya kompyuta ni programu mbaya zinazojinakili zenyewe. Dalili moja ni folda za flashi kugeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo. Usivibofye. Mafaili yako kwa kawaida yamefichwa tu, hayajafutwa. Pima flashi kwa programu ya kuua virusi iliyo na marekebisho mapya. Ukiifuta flashi nzima kwa hasira, umemaliza kazi ambayo virusi havikuifanya.

UMEME, VUMBI NA DISKI

Daftari linaweza kuonyesha kitu kingine: hakuna mpango. Inaanguka popote. Programu nyingine nazo zinaanguka, au kioo kinakuwa cha buluu chote. Hapo shuku chuma chenyewe.

Wilaya hizi zilitumia umeme wa jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Sasa kuna gridi, na kwenye maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, kuna mitambo ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Lakini radi ya masika haiulizi umeme umetoka wapi. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika ndani ya diski, mafaili ya Windows yanaweza kuharibika. Ofisi nyingine ina ile betri ya akiba iitwayo UPS chini ya meza, lakini betri ilikwisha kufa na hakuna aliyeipima. Ijaribuni siku ambayo hakuna kazi.

Ili kurekebisha mafaili ya Windows, bofya Start na uandike cmd. Likitokea jina hilo, libofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Dirisha jeusi litafunguka. Andika sfc /scannow, kisha Enter. Kompyuta itakagua vipande vyake na kujaribu kurudisha vilivyoharibika. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Usiizime katikati.

Vumbi letu jekundu nalo ni adui. Linaziba feni, joto linapanda, kompyuta inayumba. Ichomoe kwenye umeme, ifungue, upulize vumbi kwa upole. Usitumie kitambaa chenye maji.

Ili kupima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, andika mdsched katika kile kisanduku kidogo. Kompyuta itajizima, ijipime, kisha itatoa jibu. Na kama diski inagonga kwa sauti ya tik-tik, au faili dogo linachukua dakika nzima kufunguka, usijaribu dawa nyingine yoyote. Nakili mafaili muhimu mara moja, kisha badilisha diski. Diski inayokufa haiponi kwa kukaguliwa. Kila ukaguzi unaichosha zaidi.

KAMA NI LAZIMA KUPIGA UPYA

Zipo kompyuta ambazo hayo yote hayatazisaidia. Microsoft, kampuni ya Marekani inayotengeneza Windows, iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo zinaendelea kufanya kazi, lakini matundu mapya ya kupitia virusi hayazibwi kama zamani. Nyingi ya kompyuta kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Basi yawezekana siku moja kamati yenu italazimika kukubali Windows ipigwe upya, au kununua kompyuta nyingine.

Siku hiyo, mwulize fundi maswali machache mbele ya wajumbe. Nakala iko wapi? Nani ameihesabu? Programu ya hesabu ya chama itarudishwaje, na namba zake za siri anazo nani? Windows atakayoweka ni halali, au ameitoa kwenye flashi isiyojulikana ilikotoka? Hili la mwisho watu hulidharau, kumbe ugonjwa mwingine huingia siku ile ile ya matibabu.

Kisha chukueni ile flashi ya nakala mwende kwenye kompyuta nyingine. Fungueni faili la wanachama. Tafuteni majina 3 au 4 ya watu waliopo hapo, na kila mmoja alinganishe kilo zake na risiti yake. Zikilingana, ndipo mwenyekiti amwambie fundi aendelee.