Hoteli Bora ni Ipi? Somo la Kubishana na Gazeti

Ninyi mnaosikiliza redio, sogeeni karibu. Ninyi mnaosoma karatasi hii iliyopigwa chapa, fuateni mstari kwa mstari, wala msione haya kurudia. Mwalimu wa darasa atasimama kila penye swali, ili mjibu kwa sauti.

Leo tutajifunza kubishana na gazeti.

Pengine mmoja wenu atashangaa. Atasema, "Mwalimu, mimi nimejua kusoma juzi tu. Nitabishanaje na gazeti?" Ndiyo sababu nimelichagua somo hili. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huyaheshimu mno maneno yaliyopigwa chapa. Jirani akimwambia jambo, humwuliza, "Umejuaje?" Lakini gazeti likimwambia jambo lile lile, hulikubali na kunyamaza. Hiyo si haki kwa jirani. Gazeti nalo limeandikwa na mtu, mwenye ulimi mmoja na tumbo moja, tena mwenye haraka ya kurudi kwake.

Tuchukue mfano wa chakula, maana katika chakula hakuna aliye mjinga.

Yako magazeti yenye mwandishi ambaye kazi yake ni kula. Msicheke, ni kazi kweli. Mtu huyo huitwa mhakiki wa hoteli. Kuhakiki ni kupima kazi ya mwingine na kueleza uzuri wake na ubaya wake. Tena kila mwaka magazeti mengine hutoa orodha: hoteli kumi bora, hoteli hamsini bora. (Nikisema hoteli, nina maana ya nyumba ya kuuza chakula, si nyumba ya kulala wageni.) Kazi hii ina faida yake. Mgeni akishuka katika mji asioujua, neno la mtu aliyetangulia kula humwokolea fedha. Na mpishi mvivu akijua kwamba ataandikwa, huosha sahani. Sisemi wahakiki wafukuzwe. Nasema waulizwe.

Waulizwe nini? Kwanza, orodha hii ni ya nani?

Kitabu cha hoteli kinachoogopwa sana na wapishi duniani kilianza Ufaransa mwaka 1900. Waliokitoa hawakuwa wapishi. Walikuwa ndugu wawili, André na Édouard Michelin, watengenezaji wa matairi. Wakati ule magari ya Ufaransa nzima yalikuwa hayajafika elfu tatu. Ndugu hao waliona kwamba mwenye gari akisafiri sana, matairi yatakwisha, na yakikwisha atanunua mengine. Basi wakagawa bure kitabu cha kumwonyesha pa kutengeneza gari, pa kulala na pa kula. Nyota za kusifu hoteli zilianza mwaka 1926, na mwaka 1931 zikawa za ngazi tatu. Nyota moja, simama ukiwa unapita. Nyota mbili, yafaa uache njia yako uifuate. Nyota tatu, yafaa ufunge safari kwa ajili yake tu. Mnaona? Hata sifa ya mchuzi ilipimwa kwa mwendo wa gari.

Kitabu hicho si cha uongo. Wakaguzi wake hula kwa siri na kulipa. Lakini siku hizi bodi za utalii za nchi fulani, kama Thailand, humlipa mwenye kitabu ili kifike kwao. Kwa hiyo nchi isiyoonekana humo si lazima iwe haijui kupika. Pengine haijaalika.

Tena muulize mhakiki: ulikula kama nani? Hapa nitawapa kisa ninachokipenda sana.

Mwaka 1993 gazeti la New York Times la Marekani lilipata mhakiki mpya, mwanamke aitwaye Ruth Reichl. Katika mji wa New York ilikuwako hoteli ya matajiri iitwayo Le Cirque, yenye nyota nne za gazeti hilo, ambazo ndizo za juu kabisa. Bibi huyo alijua kwamba wenye hoteli wanamtafuta wamwone sura. Basi akavaa nywele za bandia na nguo za kawaida, akaenda kama mama wa mashambani. Akangojeshwa. Akapewa meza mbaya. Akiwa anasoma orodha ya mvinyo, mhudumu akaja kuichukua ampe mwingine. Siku nyingine akaenda kama yeye mwenyewe, nao wakamtambua. Lo! Akaambiwa kwamba Mfalme wa Hispania yupo anangoja, lakini meza yake yeye iko tayari. Hata matunda katika sahani yake yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Hoteli ni ile ile, jiko ni lile lile. Akaandika habari zote mbili katika gazeti, bega kwa bega, akaishusha hoteli hiyo hadi nyota tatu.

Simama hapo, mwalimu. Waulize wanafunzi: kati ya habari hizo mbili, ipi inamfaa msomaji asiye mfalme?

Mwingine atasema, "Basi tuwaache wahakiki, tufuate nyota za simu, zinazotolewa na watu wengi." Haya, mwaka 2017 kijana mmoja wa London, Oobah Butler, aliandikisha katika mtandao wa TripAdvisor hoteli isiyokuwapo. Ilikuwa ni kibanda cha bustanini alimokaa, mtaa wa Dulwich. Picha za vyakula alizitengeneza kwa povu la kunyolea ndevu na dawa ya choo. Rafiki zake wakaandika sifa. Kabla ya mwaka kwisha, kibanda kile kilikuwa cha kwanza katika orodha ya hoteli zote za London, na watu walikuwa wakipiga simu wakiomba meza. Wingi wa watu nao si ushahidi, ikiwa hawakula.

Sasa turudi Afrika ya Mashariki. Nairobi iko hoteli ya nyama iitwayo Carnivore, iliyofunguliwa mwaka 1980. Nyama huchomwa juu ya makaa ikiwa imechomekwa katika panga za Kimasai. Wahudumu hupita wakikukatia, na hawaachi mpaka uiangushe bendera ndogo iliyo mezani, maana yake umeshindwa. Mwaka 2002 gazeti la Uingereza liitwalo Restaurant lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya hoteli 50 bora za dunia. Carnivore ikawamo. Mwaka 2003 ikawamo tena. Kisha ikatoka. Je, makaa yalipoa? Hapana, watu waliendelea kwenda na kushiba. Orodha ndiyo iliyohama. Tena tangu mwaka 2019 wenye orodha hiyo wana kanuni ya ajabu: hoteli iliyowahi kuwa ya kwanza haihesabiwi tena. Ni kama kuizuia timu iliyowahi kuchukua kombe isicheze, kisha anayebaki uwanjani ukamwita bingwa wa dunia.

Katika hamsini hizo msiitafute Newala, wala Masasi. Lakini tuseme siku moja gazeti la mjini linamtuma mhakiki kwetu. Anashuka stendi ya Newala saa saba mchana, vumbi kichwani, njaa imemshika. Anaingia hoteli iliyo karibu, anaagiza chipsi na kuku, maana ndicho anachokijua. Jioni anakwenda Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma. Asubuhi anapanda basi. Juma lijalo gazeti linasema: hoteli tatu bora za Newala. Ya kwanza ina televisheni.

Hakuonja ming'oko, kwa sababu ming'oko haikai mezani. Huchemshwa na akina mama na kuuzwa kando ya njia. Hakungoja mbaazi ziive polepole. Na kitoweo cha panya wa shambani je? Naona wengine mnacheka. Hicho angekiandikia mshangao, si ladha. Tena alikuja mwezi gani? Akija Novemba, korosho zinauzwa na fedha inazunguka, vyungu vyote vimejaa. Akija Februari, mpishi yule yule ana maharage tu, wala si kosa lake.

Na maji. Uwanda wetu wa Makonde uko juu, na mchanga wake hunywa mvua mara moja. Wazee wanakumbuka akina mama wakishuka mabondeni na mitungi kabla ya alfajiri. Kwetu mpishi anayekumiminia maji tele ya kunawa amekupa heshima kubwa. Mtu aliyezaliwa penye bomba hatakumbuka kuliandika jambo hilo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa mkate wa mtu umo hatarini. Tuseme katika habari ile mhakiki ameandika hivi: "Katika banda la mama mmoja nyuma ya stendi kuna nzi, na ugali wake ni wa kijivu, unanata, haufai." Mama huyo hajui kusoma. Anaona abiria wanapita banda lake bila kugeuka, naye hajui wanakimbia nini. Anadhani amerogwa. Nani atamwambia? Ni wewe, uliyejifunza kusoma.

Tazama maneno ya mhakiki. Yako mambo mawili ndani yake, nayo si ya namna moja. Nzi wapo au hawapo: nenda ukatazame. Ikiwa wapo, usibishe kwa sababu tu mama ni wa kwenu. Lakini ule "haufai" si jambo la kutazama, ni hukumu, na hukumu ina kipimo chake. Tafuta alitumia kipimo gani. Kisha mwandikie mhariri. Hii hapa barua ya mfano. Isomeni pamoja.

"Kwa Ndugu Mhariri. Salaam. Nimesoma katika gazeti lako kwamba ugali wa mama wa stendi ya Newala ni wa kijivu na unanata, kwa hiyo haufai. Mimi nakula hapo mwaka wa nne sasa. Ugali ule ni wa muhogo. Ugali wa muhogo ndivyo ulivyo. Ukiwa mweupe na mkavu kama wa sembe, basi si wa muhogo. Mwandishi wako amepima muhogo kwa kipimo cha mahindi. Tena hakusema alikula hapo mara ngapi. Habari ya nzi ni kweli. Tumemwambia mama, naye amenunua kawa. Naomba uichape barua hii. Ni mimi, msomaji wako wa Newala."

Angalieni barua hiyo ilivyo. Hakuna tusi. Mwandishi hakusema mhakiki ni mwongo, amesema amekosea wapi. Amekubali habari ya nzi, na kwa kuikubali amefanya habari ya muhogo iaminike zaidi. Tena ni fupi. Mhariri hana nafasi ya barua ndefu, na ukiandika kurasa tatu atakata, na pengine atakata pale ulipopataka wewe.

Si lazima mhariri aichape. Wengi hawachapi. Hata hivyo msomeeni mama barua yenyewe, ajue kilichoandikwa juu yake na kilichojibiwa.

Kazi ya darasa. Kila mmoja ataje mahali pamoja anapopenda kula hapa Newala, pawe hotelini, pawe kando ya njia. Jirani yake apinge. Kisha andikeni, mistari sita tu: nilikula nini, mara ngapi, mwezi gani, nililipa shilingi ngapi, wanipikiao wananijua au hawanijui, na mwenzangu alipinga kwa sababu gani. Mwalimu asisahihishe ladha ya mtu, asahihishe herufi.

Katika somo lijalo tutajifunza kuandika anwani juu ya bahasha. Leteni kalamu. Kwaherini.