Dhofar: Milima Inayokunywa Ukungu

Aliyezoea kusikia kwamba Arabuni ni mchanga na jua tu hushangaa aambiwapo kuwa kusini mwa Omani iko milima ambayo kila mwaka hugeuka kijani, ikawa malisho ya ng'ombe. Ndiyo milima ya Dhofar: Jabal al-Qamar magharibi, Jabal al-Qara katikati, na Jabal Samhan mashariki. Chini yake, ufukoni, umekaa mji wa Salalah.

Mvua ya huko, hata hivyo, si mvua kwa maana tuijuayo sisi. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba huvuma kusi, upepo uleule uliorudisha majahazi Arabuni kutoka Pwani ya Waswahili. Upepo huo huyasukuma mbali maji ya juu ya bahari, na maji baridi ya kilindini hupanda mahali pake. Hewa yenye unyevu ipitapo juu ya maji hayo hupoa ikawa ukungu. Nayo hewa kavu ya jangwani huufunika kama kifuniko cha chungu, usiweze kupanda na kuwa wingu kubwa. Basi ukungu hukwama mlimani, ukatoa manyunyu tu. Msimu huo huitwa kharif. Salalah hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, kiasi kisichotosha kukuza msitu.

Msitu hujinywesha wenyewe. Majani hunasa ukungu, matone yakadondoka kwenye mizizi, hata chini ya mti hupatikana maji mengi kuliko uwandani. Nyuma ya vilele, ukungu usikofika, humea mti wa ubani, ambao hupenda ukavu.

Wenyeji wa milimani hufuga ng'ombe wafupi, ngamia na mbuzi, na huzungumza Kijibali, lugha ya Kisemiti iliyo mbali na Kiarabu na isiyokuwa na mapokeo ya maandishi. Zamani malisho yalipokwisha, ng'ombe walilishwa dagaa waliokaushwa. Uhaba wa maji na chakula uliweka mpaka wa idadi yao. Baada ya vita vilivyoanza 1965 na kwisha katikati ya miaka ya 1970, serikali ilichimba visima na kujenga barabara. Maisha yalipata nafuu, na mifugo ikaongezeka kupita uwezo wa malisho. Miti ikipungua, ukungu hupita bila kunaswa. Kupanda upya nako ni kugumu: mche mfupi hunasa maji kidogo, na ngamia huufikia kabla haujarefuka.