Je, Wajua? Wapelelezi wawili wasiofanana

Tamthilia ya upelelezi si lazima ijae damu na bunduki ili ipendwe. *The No. 1 Ladies' Detective Agency*, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2008, ni ushahidi mzuri.

● Ilirekodiwa Botswana kwenyewe, ikitokana na riwaya za Alexander McCall Smith. Riwaya ya kwanza ilitoka 1998.

● Mpelelezi Mma Ramotswe (Jill Scott) ni mpole, hana haraka, na huwaza vizuri akiwa na kikombe cha chai. Katibu wake, Mma Makutsi (Anika Noni Rose), ana miwani mikubwa na msimamo mkali. Hachoki kutaja asilimia 97 aliyopata chuo cha ukatibu.

● Fundi magari J.L.B. Matekoni aliigizwa na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania.

Utamu uko kwa wanawake hao wawili: Mma Ramotswe husoma nyoyo za watu, Mma Makutsi husoma mafaili. Wanavutana, wananuniana, kisha wanampata mtoto aliyepotea. Mtazamaji hulala akiwa na hakika kwamba wema na akili vikishirikiana, haki hupatikana.