Kwa nini macho ya wadogo yanasimama-simama

Kuna wakubwa katika masomo ya jioni ambao wanacheka wadogo wa kalasi za chini wakiwaona wanafuata mstari na kidole. Wanasema: «Huyu hajue kusoma.» Mimi naona kicheko hicho hakina haki, na nitaeleza juu ya nini.

Tunafikiri macho yanateleza juu ya mstari kama mtumbwi unavyoteremka Lualaba. Hapana. Yanaenda kama chura: yanaruka, yanasimama, yanaruka tena, mara 3 ao 4 kwa sekunde moja, na tunasoma pale yanaposimama tu. Mwaka 1879, mtaalamu wa Prague, Ewald Hering, alitumia mirija midogo ya kusikilizia, sawa ile ya munganga, akaiweka juu ya kope za msomaji. Alisikia misuli ya macho ikigonga kwa kila mruko!

Mtu mkubwa anaruka herufi 7 ao 8 na kusimama kama robo ya sekunde. Mtoto anayeanza anaruka kidogo, anasimama sana, tena anarudi nyuma mara nyingi. Tazama neno «hawakutuambia». Lina herufi 13. Sisi tunalimaliza upesi, lakini mdogo anasimama kwa kila kipande, na kidole kinamsaidia asipotee. Halafu akiingia katika Kifaransa, ambacho wengi hawakisikii nyumbani, ni kama anaanza upya. Kufikia miaka 11 ao 12 macho ya wengi yanakaribia mwendo wa wakubwa.

Tusigeuze sababu hapa. Macho yanasimama kwa kuwa neno ni geni. Kwa hiyo kumwambia mdogo «kimbiza macho» ni kazi bure. Umpe kitabu kingine asome, na kingine tena.

Na yule anayeangalia dirishani kila mbuzi akipita? Kuzuia jicho lisikimbilie kitu kipya ni kazi ya ubongo, na nguvu hiyo inakomaa pole pole mpaka ujana. Mtoto wa miaka 8 hana nguvu yako, wewe wa kalasi ya sita. (Na wewe pia unaangalia.)

Kuna jambo moja ambalo halingoji miaka. Mtoto mchanga anafuata uso wa mama yake kwa kushtuka-shtuka. Kwa miezi 2 ao 3 anaanza kuufuata taratibu. Macho yake yakipishana mara moja moja katika wiki za kwanza, si kitu. Lakini jicho likibaki limepinda baada ya mwezi wa 4, msikubali neno lile la mtaani, «itajinyoosha yenyewe». Pole pole ubongo unaacha kulitumia jicho lile, na uwezo wake wa kuona unapungua. Dawa yake, kama miwani ao kufunika jicho lililo zima kwa muda, inasaidia zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 7. Mwenye mdogo wa namna hiyo nyumbani aongee na mama wiki hii, wampeleke lopitalo.